Uzi wa Tatu

Jina la Haraka alipewa shuleni, na lilimstahili. Alimaliza kula wenzake wakiwa bado wananawa mikono, alijibu swali kabla mwalimu hajalifikisha mwisho, na mara nyingi alijibu lile ambalo hakuulizwa. Leo ni mama wa watoto watatu waliokwisha kujitegemea, ana duka la ushonaji lenye cherehani nne, na jina halijambanduka. Wateja humwita Fundi Haraka. Wanampenda kwa kuwa nguo ikiahidiwa Alhamisi, Alhamisi ipo imetundikwa, imepigwa pasi. Wifi yake, dada wa mumewe, ambaye hushinda naye dukani akishona vifungo na mapindo, hupenda kuwaambia wateja kwamba kaka yake hakuoa mke, alioa upepo.

Huyo wifi anajua karibu kila kitu cha Haraka, hata vile asivyopaswa kujua. Jambo moja tu hakulijua, na Haraka aliamini hakuna mwingine aliyelijua, kwa miaka thelathini na miwili.

Haraka alikuwa na miaka kumi na sita. Mwalimu wa jiografia, mtu mrefu aliyevaa kandambili hata akiwa ametia tai, alipata magitaa saba kutoka shule nyingine iliyokuwa imevunja bendi yake. Moja lilikuwa na ufa uliozibwa kwa gundi ya mbao, lingine lilikosa uzi mmoja. Akatangaza kwamba kila Jumatano baada ya masomo atawafundisha wanaoanza, katika chumba cha useremala, maana ndicho pekee kilichokuwa na viti visivyo na mikono. Walijitokeza kumi na wanne. Siku ya kwanza aliandika ubaoni neno KODI kwa herufi kubwa, na msichana mmoja wa mbele akauliza kama inalipwa kwa wiki au kwa mwezi. Mwalimu alicheka mpaka akakaa. Kisha akaeleza kwamba kodi ya gitaa ni sauti tatu au nne zinazopigwa kwa pamoja, na kwamba hii nayo ina maumivu yake.

Aliwapanga wawili wawili kwa kila gitaa, kwa kufuata urefu. Haraka akaangukia kwa msichana ambaye darasa zima lilimwita Kimya.

Kimya hakuwa mkimya. Alikuwa na mengi ya kusema, ila yalikwama mlangoni. Kigugumizi kilimkamata zaidi kwenye mwanzo wa sentensi, na kwa kuwa watu hawana subira, walimmalizia maneno yake, tena vibaya, naye akaona bora aache. Walimu nao walikuwa wamezoea kumruka wanapouliza maswali, wakidhani wanamfanyia hisani.

Wiki tatu za kwanza hawakupiga wimbo wowote. Walijifunza kukaa, kushika shingo ya gitaa bila kuikaba, na kuhesabu. Ncha za vidole ziliwaka moto, zikavimba, zikabambuka, kisha zikaota sugu. Haraka alishindwa hata kushika kalamu. Mama yake, aliyekuwa mfuaji wa mashuka hospitalini na mwenye viganja vigumu kama msasa, alimpapasa vidole akamwambia, "Sasa na wewe una mikono ya mtu anayefanya kazi." Kwa mama yule, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Kwenye kodi moja moja Haraka alikuwa hodari. Shida ilikuwa kuhama. Kila alipotoka kodi hii kwenda ile aliinua mkono wote juu, kama aliyeungua, halafu akaanza kutafuta nyuzi upya, na wimbo ukawa umeshaondoka umemwacha.

"Usi-usi-usinyanyue mkono wote," Kimya alimwambia Jumatano moja. "Ki-kidole kimoja kibaki nyumbani, vingine vikatembee."

Alimwonyesha. Kidole cha pete kilibaki palepale, viwili vikahama, na kodi ikabadilika laini kama mtu anayegeuka usingizini. Kisha akaanza kumhesabia, akipiga pigo kwa vidole juu ya goti la Haraka, na akihesabu kwa kuimba. Moja, mbili, tatu, nne. Kigugumizi hakikuwepo kabisa. Haraka akamtazama.

"Mbona hapa hukwami?"

Kimya alifikiri. "Kwa-kwa sababu najua neno la mbele linakuja lini."

Tangu hapo wakawa hawaachani. Walikula pamoja nyuma ya chumba cha useremala, juu ya rundo la mbao zilizopinda. Kimya alikuwa na masimulizi, tena ya kuchekesha, kuhusu mjomba wake mpiga ramli asiyejua hata siku yake ya kuzaliwa, kuhusu jirani aliyefuga bata wakamfuga yeye. Masimulizi hayo yalichukua muda kufika, na Haraka, ambaye hakuwahi kumsubiri mtu yeyote katika maisha yake, alijifunza kukaa kimya na kuacha sentensi ifike kwa miguu yake yenyewe. Hakuona kwamba amefanya jambo kubwa. Alikuwa anataka tu kujua bata walifanya nini.

Mwezi mmoja kabla ya sherehe ya kufunga mwaka, mwalimu alisema darasa litapiga wimbo mmoja mbele ya wazazi, na kabla ya wimbo huo mtu mmoja atafungua kwa kupiga peke yake. Akamtaja Kimya. Haraka ndiye aliyepiga makofi wa kwanza, na makofi yale yalikuwa ya dhati.

Tatizo ni kwamba wiki mbili nyuma, mama yake alikuwa amemuuliza, "Hivi hiyo sherehe yenu, wewe utapiga na wenzako au..." na Haraka akajibu kabla swali halijaisha, "Nitapiga peke yangu, mama." Alisema vile kwa sababu wakati ule aliamini mwalimu angemchagua yeye. Mama akabadilishana zamu na mwenzake. Akawaalika majirani wawili. Alimwambia msimamizi wa chumba cha kufulia, alimwambia dereva wa gari la wagonjwa, aliwaambia watu ambao hawakuwa na haja ya kujua. Haraka alijaribu mara mbili kumweleza ukweli. Mara ya pili alimkuta anapiga pasi gauni lake la kitenge, akijaribu huku na huku lisiwe na mkunjo hata mmoja, akiimba chini chini. Akageuka akatoka.

Siku yenyewe ikafika. Wakiwa wawili tu katika chumba cha useremala, Kimya aliweka sikio juu ya mbao ya gitaa akazirekebisha nyuzi moja baada ya nyingine, polepole, mpaka akaridhika. Mikono ilikuwa inamtoka jasho. Akasimama aende kunawa.

"Ni-nishikie," akasema, akampa Haraka gitaa.

Haraka aliushika uzi wa tatu, akazungusha skrubu yake nusu mzunguko, ukalegea. Haikuchukua muda wa kupiga chafya. Alijiambia ni jambo dogo. Kimya atasikia, ataomba dakika mbili arekebishe, mwalimu hatataka ukumbi ukae bure, atamwita yeye aliye karibu. Mama atamwona. Kisha Kimya naye atapiga. Kila mtu atapata chake.

Kimya alipopanda jukwaani na kupiga mara ya kwanza, sauti ilitoka kama sahani iliyopasuka. Akasimamisha nyuzi kwa kiganja. Hakuitazama ile skrubu. Alitazama upande, kwenye benchi walipokaa wenzake, na Haraka akainamia viatu vyake.

Mkuu wa shule, aliyekuwa kwenye kiti cha mbele na kipaza sauti mkononi, akauliza kwa wema kabisa, "Kuna nini, binti?"

"U-u-u-u..." Kimya akaanza.

Alikuwa anataka kusema uzi. Ukumbi ulikuwa na watu mia tatu, na neno halikutoka. Mtu mmoja nyuma, hajulikani hadi leo, akaitikia "U-u-u-u" kama gari lililokataa kuwaka. Kicheko kikaanzia huko, kikaja mbele safu kwa safu. Wazazi pia walicheka. Mama yake Haraka alicheka, akajiziba mdomo kwa mkono, akacheka tena. Haraka hakucheka, na kwa miaka mingi alijishikilia hapo, kana kwamba kutocheka kulikuwa sadaka.

Kimya aliliweka gitaa juu ya kiti taratibu, kama anayelaza mtoto. Akashuka ngazi, akatembea katikati ya ukumbi hadi mlangoni.

Mambo mengine yote yalikwenda kama Haraka alivyopanga. Mwalimu alimpungia mkono. Alipanda, akaketi, akalichukua gitaa, akakaza uzi wa tatu nusu mzunguko, akapiga. Alipiga vizuri. Kidole kimoja kilibaki nyumbani, vingine vikatembea. Mpiga picha wa shule alimpiga picha, na mama yake akaitundika sebuleni juu ya redio. Kwa miaka yote iliyobaki ya uhai wake, mgeni hakuwahi kunywa chai katika nyumba ile bila kuonyeshwa picha hiyo na kuambiwa, "Yule mwenzake alishindwa, huyu wangu akaokoa jahazi." Haraka alikuwa akienda jikoni.

Jumatano iliyofuata, siku chache kabla ya likizo, Kimya hakuja shuleni. Mwalimu alimwomba Haraka aende nyumbani kwao amwambie kwamba hakuna aliyemlaumu, kwamba kiti chake kipo. Haraka alikubali. Alifika hadi kona ya mtaa wao, akasimama mbele ya kinyozi, akasoma bei zote zilizoandikwa ukutani, akarudi. Kesho yake akamwambia mwalimu, "Amesema hataki." Alijiambia atakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa ngumu kuliko ile, na iliyofuata ikawa ngumu zaidi. Mwaka mpya ulipoanza alichagua dawati la upande wa pili, karibu na dirisha. Chakula cha mchana akala na wengine. Kwa miaka miwili walikuwa darasa moja, wakipishana mlangoni, na hawakusemeshana. Gitaa lenyewe Haraka aliliacha kabla mwaka haujafika nusu. Akimaliza kupiga wimbo ule alikuwa anahisi ameshika kitu cha mwenzake.

Baada ya shule alijifunza kushona kwa mwanamke mmoja mkali, akaolewa, akazaa, akafungua duka. Maisha hayakumwonea. Lakini kila alipopita mahali gitaa linapigwa, arusini au dirishani kwa watu, alimfikiria Kimya kama mtu aliyenyimwa mustakabali. Kichwani mwake Kimya angekuwa mpigaji mkubwa, angesikika redioni. Jambo hilo alilikuza mwaka hadi mwaka, likawa mzigo wenye umbo lake.

Mwaka jana macho yake yalianza kumkimbia. Sindano aliitunga kwa kubahatisha. Siku moja alishona mkono wa shati la bwana arusi ndani nje, na ni wifi yake aliyeuona kabla mteja hajafika.

"Wifi," akamwambia akifumua ule mshono, "wewe ulikuwa Fundi Haraka. Sasa umekuwa Fundi Kadiria. Nenda kapimwe macho, la sivyo tutawavisha watu suruali kichwani."

Duka la miwani lilikuwa mitaa minne kutoka hapo. Alimkuta kijana wa kike mapokezini, akaandikisha jina lake lote, akaambiwa aingie chumba cha ndani. Kilikuwa chumba kidogo, chenye giza la makusudi, na ubao wa herufi unaowaka ukutani. Mwanamke mwenye koti jeupe alikuwa amempa mgongo, akipanga vioo kwenye kisanduku. Akamwelekeza kiti kwa mkono. Haraka akaketi, akaweka kidevu juu ya kibao na paji la uso kwenye ukanda, kama alivyoonyeshwa, na yule mwanamke akaketi mbele yake, karibu kiasi cha kusikiana pumzi.

"Usi-sipepese," akasema.

Haraka alimtambua kwa neno hilo moja. Kichwa chake kilikuwa kimefungwa kwenye mashine, hana pa kuangalia ila machoni mwa mtu yule.

Kimya alimpima jicho la kulia, kisha la kushoto. Akamvika fremu nzito ya chuma, akawa anabadilisha vioo. "Hiki... au hiki?" Alizungumza polepole sasa, akiacha nafasi kati ya maneno, na kigugumizi kilikuwa kimebaki kidogo kama kovu. "Cha kwanza au cha pili?" Haraka alijibu, cha kwanza, cha pili, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. Walipofika mstari wa chini kabisa hakuweza kuusoma, lakini si kwa sababu ya macho.

"Ni mimi niliyelegeza," akasema.

Kimya alikuwa ameshika kioo kati ya vidole viwili. Akakirudisha kwenye nafasi yake.

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Si-siku ileile. Nilikuwa mlangoni. Ulipokaa... hukuzijaribu nyuzi. Ulikwenda moja kwa moja kwenye ule wa tatu. Mtu asiyejua angezijaribu zote."

Haraka akaanza kueleza habari za mama yake, kubadilishana zamu, gauni la kitenge, majirani. Aliongea kwa kasi yake ya zamani, maneno yakipandana. Kimya alimwacha amalize. Kisha Haraka akasema kile alichokuwa amekitunza zaidi, kwamba hajawahi kusahau kuwa alimnyang'anya muziki, kwamba angekuwa mtu mkubwa.

Kimya akatikisa kichwa, na uso wake ulionyesha mshangao wa kweli.

"Muziki? Nilipiga miaka mitatu mingine, kwa binamu yangu. Nilipoolewa nikaacha. Wa-watu wengi huacha. Hapo usijibebeshe bure."

"Basi..."

"Ngoja nimalize," Kimya akasema, na Haraka akafunga mdomo. "Shule ilipofunguliwa ni-nilikaa juu ya zile mbao wiki nzima, saa ya chakula. Nilijua utakuja. Nilikuwa nimeshapanga nitakachokuambia. Ningekutukana kwanza, ha-halafu tungekula. Hukuja. Ukahamia dirishani." Akaanza kukusanya vioo, kimoja kimoja, kila kimoja kwenye tundu lake. "Shule nzima ilikuwa na mtu mmoja aliyekuwa ananisubiri nimalize sentensi. Ni-nilirudi kuwa wa kurukwa, miaka miwili. Hilo ndilo lililoniuma. Gitaa si kitu."

Miaka yote ile Haraka alikuwa akijutia nusu mzunguko wa skrubu. Kona ya kinyozi alikuwa ameihesabu kama aibu ndogo tu, mkia wa kosa kubwa. Sasa aliona kwamba siku ya ukumbini Kimya angeweza kumsamehe kabla ya Jumatatu, na kwamba dhambi yenyewe ilikuwa katika siku zote zilizofuata, mamia ya siku, kila moja ikiwa na saa ya chakula, kila moja ikiwa na nafasi.

"Nisamehe," akasema hatimaye.

"Nilishakusamehe. Zamani. Mtu hawezi kufuga ki-kinyongo miaka yote, kinakula sana." Alisema hivyo bila kutabasamu, akiandika kwenye kikaratasi. "Miwani itakuwa tayari Ijumaa."

Haraka alisimama. Mlangoni akageuka, akauliza kama siku moja wanaweza kukaa, wanywe chai, waongee. Kimya alifikiri kwa muda mrefu, na Haraka akasubiri.

"Sijui," akasema. "Nisikudanganye. Wa-wakati ule nilikuhitaji. Sasa nina watu wangu."

Ijumaa aliifuata miwani. Kimya mwenyewe alimvika, akapinda kidogo masikio ya fremu, akamrudishia. "Inabana?" "Haibani." "Basi." Kwa mara ya kwanza Haraka alimwona wazi, mikunjo pembeni mwa macho, mvi chache juu ya sikio la kushoto, kovu dogo kidevuni ambalo hakulijua, la miaka ambayo hakuwepo. Alishukuru akatoka.

Hawajakaa pamoja mpaka leo. Haraka akipita mtaa ule hupunguza mwendo mbele ya kioo cha duka, na Kimya akimwona huinua mkono. Mara moja alitoka hadi kizingitini akamuuliza macho yanaendeleaje. Waliongea dakika mbili tatu, habari za watoto, habari za mvua, na mteja akaingia.

Siku aliporudi na miwani puani, wifi yake alimkagua akasema sasa amefanana na hakimu. Kisha akamuuliza huyo mpima macho ni nani, maana mtu haendi kupimwa macho akarudi yamevimba.

"Nilisoma naye," Haraka akasema.

"Mlikuwa marafiki?"

Haraka akavuta kiti, akakaa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake saa za kazi. Akamsimulia yote, tangu magitaa saba hadi ile kona ya kinyozi. Wifi yake, ambaye ana mzaha wa kila msiba, alimaliza kifungo alichokuwa anashona, akakata uzi kwa meno, akauliza taratibu, "Na yule mwalimu, aliwahi kujua?"

"Alikufa akiamini Kimya ndiye aliyekataa kurudi," Haraka akasema.

Mteja alikuwa amesimama nje akitaka sketi yake. Hakuna kati yao aliyenyanyuka kwa haraka.